Ombi la Saa Nne

Benchi la Nzuguni, pembezoni mwa Dodoma, lilitupwa na ofisi moja ya serikali, na ubavuni bado lina namba ya rangi nyeupe, ndiyo maana wanaolikalia hujiona nao ni mali ya umma. Limewekwa mbele ya kibanda cha Yotham, fundi kompyuta, upande usiopigwa sana na vumbi la Septemba. Shaaban muuza kahawa hulifikia saa tatu na nusu na birika lake na sahani ya kashata. Hapo utamkuta Mzee Mazengo, anayeitwa Spika kwa sababu hakuna asemaye kabla yeye hajampa nafasi. Restuta, karani mstaafu wa masjala, anayeitwa Mama Wizara. Na Msafiri wa bodaboda, ambaye jina lake la kijiweni ni Eapoti, kwani ameapa kuwa abiria wa kwanza kushuka uwanja mpya wa ndege wa Msalato atapanda pikipiki yake. Yotham mwenyewe huitwa Apdeti. Asubuhi hiyo Apdeti alitoka kibandani na kompyuta ndogo mkononi, akakaa bila kumsalimia mtu, na kwa kijana aliyelelewa vizuri hilo peke yake lilikuwa habari.

— Shikamoo umeisahau ndani? — Spika aliuliza.

— Shikamoo, mzee. Nisamehe. Kuna jambo limenikaba.

— Marahaba. Nafasi unayo. Sema.

— Mnalijua ghala langu?

— La mahindi? — Msafiri alidakia.

— La programu, Eapoti. Shule za vijijini mtandao wao ni wa kubahatisha. Kwa hiyo programu zote nimezilundika kwenye ile mashine kubwa humo ndani. Kompyuta ya shule ikitaka kitu, ndani yake kuna kama karani wa stoo. Anakuja kwangu, anajitambulisha: mimi mashine ya fulani, mfumo wangu huu, naomba kitu hiki. Kama kipo anapewa. Kama hakipo anaambiwa hakipo.

— Mfumo ndiyo nini? — Mama Wizara alitaka kujua.

— Ndiyo roho ya kompyuta — Yotham alisema, na papo hapo akalijutia neno. — Kila programu lazima iendane na mfumo wa anayeomba, la sivyo haimkai. Ghala langu linahudumia mifumo minne. Mitatu inatumika kila mahali. Wa nne niliuunda mwenyewe kwa ajili ya mashine moja kuukuu ya mwalimu wa Chemba, maana mifumo ya siku hizi ilikuwa inailemea. Hakuna mashine nyingine duniani yenye mfumo ule.

— Sasa tatizo liko wapi?

— Huyo mwalimu, Nathanaeli, alifariki Machi. Alikuwa anakuja huku kwangu, mashine kaifunga mgongoni. Korongo likashusha maji ya ghafla, likambeba yeye na pikipiki. Yeye walimpata. Mashine hawakuipata.

— Mungu amrehemu.

— Tangu Aprili, kila siku saa nne kamili asubuhi, ile mashine inakuja ghalani kuomba.

Shaaban aliyekuwa anamimina kahawa alisimamisha birika hewani.

Yotham hakuwaambia yote. Hakuwaambia kwamba Nathanaeli alimwomba mara tatu, na mara tatu yeye akajibu "wiki ijayo, mwalimu," kwa sababu kazi ya mashine moja aliionea uvivu. Hakuwaambia kwamba mara ya nne alisema, "Basi ilete mwenyewe." Maneno hayo alikuwa akiyasikia kila akilala. Mazishini hakwenda; alisema gari halikupatikana, naye alijua magari yalikuwepo.

— Leo mradi wa shule wanataka nafasi ya mfumo mpya — aliendelea. — Diski imejaa. Nimeambiwa kabla ya mchana niufute ule wa nne. Nikiufuta, mlango wake umefungwa moja kwa moja, haitaweza kuja tena. Nataka mnishauri, nifute au nisifute?

— Hoja imetolewa — alisema Spika. — Eapoti, changia.

— Mimi sioni uchawi. Wachimba mchanga wameiokota korongoni, wameiuza. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo umeipachika pasipo pake.

— Wachimba mchanga hawainami, mzee?

— Niliwaza hivyo mimi wa kwanza — Yotham alisema. — Lakini laini ya intaneti iliyokuwemo ilikuwa ya jina lake, na ilishafungwa. Niliuliza. Haina mtandao tangu mwezi wa tano.

Msafiri alitafuna kashata akifikiri. Kijiweni mtu akikanushwa harudi nyuma, huongeza mwendo.

— Basi imechotwa na mchanga! Lori limebeba, wamechanganya na saruji. Kuna nguzo mahali hapa Dodoma ina kompyuta ndani. Watu wanaiegemea, hawajui kuwa wameegemea kitu kinachofanya kazi.

— Na umeme inapata wapi ndani ya nguzo?

— Umeme ni suala la kiutendaji — Msafiri alijibu.

Mama Wizara aliinua kikombe, ishara ya kuomba nafasi, akapewa.

— Mimi nimekaa masjala miaka thelathini na moja. Nimeona mafaili ya watu waliokufa yakitembea. Barua inaingia, inajibiwa, faili linapanda ghorofani, linashuka, na mwenyewe yuko kaburini. Huyo ni mtumishi hewa. Asiye hai haendi likizo, ndiyo maana anawahi kila siku. Mwenda pole hajikwai.

— Na hiyo nayo umeipachika, Mama.

— Aliyekufa anakwenda pole kuliko wote, Spika. Atajikwaa wapi?

Walicheka kidogo, kicheko cha kujipa moyo. Upepo ulipita na vumbi, na mwanamke mmoja mwenye mkoba wa safari aliomba kuketi mwisho wa benchi. Walisogea kumpisha bila kumtazama vizuri. Shaaban alimpa kikombe.

— Kwetu — alisema Spika taratibu — mtu akifa na ombi mdomoni, halali mpaka litoke. Apdeti, saa nne ni saa ya nini?

— Mapumziko ya chai shuleni. Ndio muda aliokuwa anawasha mashine, jua likiwa limeishika sola. Niliitegesha mwenyewe iwe inakuja saa hiyo.

— Na inaomba nini?

Hilo Yotham alikuwa ameliombea lisiulizwe.

— Kitu kimoja tu. Kila siku hicho hicho.

— Kipi?

— Sauti.

— Sauti gani?

— Ile programu inayoifanya kompyuta isome maandishi kwa sauti, kwa Kiswahili. Ghala linaijibu hakuna. Kesho yake inarudi: naomba sauti.

Kahawa ya Mama Wizara ilimwagikia gauni, naye hakuifuta.

— Usimpe! — Msafiri alisimama. — Apdeti, nakuomba kwa jina la mama yako. Akiomba viatu mpe, akiomba shamba mpe. Maiti akipata sauti ataanza kuita majina, na wa kwanza kuitwa atakuwa nani?

Yotham alimjua wa kwanza. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya mzimu. Aliogopa kuambiwa kweli. Ile programu alikuwa ameshaiunda siku tatu baada ya mazishi, akilia, na tangu hapo ilikaa ndani ya kompyuta yake, haijapelekwa ghalani.

— Asiyekuwepo na lake halipo — Spika alitamka, na safari hii methali haikusahihishwa. — Nawahoji. Wanaoafiki mfumo ufutwe waseme ndiyo.

— Ndiyo! — alipiga kelele Msafiri.

— Ndiyo — alinong'ona Mama Wizara.

— Ndiyo — alisema Shaaban, ambaye kwa kawaida hapigi kura.

— Nadhani walioafiki wameshinda. Apdeti, futa.

Saa ya kompyuta ilionyesha dakika tisa kabla ya saa nne. Yotham aliandika amri ya kufuta, kidole kikabaki juu ya kitufe.

— Shikamoo, mzee. Samahanini wenyeji — alisema yule mwanamke wa mwisho wa benchi. — Kama alikuwa anaomba kitu kimoja tu, mbona hakupewa?

Msafiri aliitazama pikipiki yake. Hakuna aliyekuwa na methali.

— Wewe ni nani, mama? — Yotham aliuliza, ingawa alipomtazama sawasawa aliliona paji la uso la Nathanaeli.

— Loisi. Nathanaeli ni mdogo wangu. Wewe ndiye fundi?

— Ndiye mimi.

— Nimepanda basi la alfajiri. Mama yetu, Paulina, trakoma ilimla macho yote mawili. Marehemu baba alimwandikia barua nyingi alipokuwa kazini mbali, na Nathanaeli alizichapa zote kwenye ile mashine ili imsomee mama wakati yeye yuko darasani. Tangu Aprili, kila saa nne mama anataka apelekwe korongoni, akae mchangani. Anasema pale kuna mtu anataka kusema na hana cha kusemea. Jana akanituma: nenda Nzuguni kwa fundi, mwambie asifunge mlango.

— Nani alimwambia kuna mlango?

— Hata mimi nilimuuliza hivyo. Hakunijibu.

Yotham aliyahisi macho yakimjaa, na hakujificha.

— Dada, aliniomba mara tatu. Mimi ndiye niliyemwambia ailete mwenyewe.

Loisi alikiweka kikombe chini. Hakumsamehe, na hakumlaani.

— Basi mpe — alisema.

Yotham alifuta ile amri herufi kwa herufi, akaichukua programu ya sauti na kuipeleka ghalani, kwenye mfumo wa nne. Msafiri alirudi nyuma hatua mbili. Saa nne kamili mstari ulitokea kwenye kioo, na wote wakausoma: mashine ya nathanaeli, inaomba sauti. Chini yake, kwa mara ya kwanza: ipo. Halafu: imechukuliwa. Halafu hakuna kitu.

Walikaa. Shaaban aliinamisha birika, likatoa matone mawili. Dakika sita zikapita, simu ya Loisi ikaita.

— Ni Joha, jirani — alisema. — Ndiye anayemshika mama mkono kwenda korongoni.

Alisikiliza, huku mkono wa pili ukiushika ubao wa benchi.

— Kuna nini? — Yotham aliuliza. — Anasema nini?

— Anasema mama kamkataza asiongee — Loisi alijibu kwa sauti ya chini. — Anasomewa barua.