Sanduku la Kufuli Tatu: Maisha ya Christine Jumwa Randu, 1984–2025

Ndugu waombolezaji, maneno haya yameandikwa na mume wa marehemu, Bw. Iha Karisa, naye ameomba yasomwe jinsi yalivyo.

Christine Jumwa Randu alizaliwa tarehe 3 Machi 1984 kijijini Idsowe, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Randu Kalama na Mama Kadzo, na alipokuwa na miaka tisa alizaliwa kitindamimba wao, Zakaria, ambaye Jumwa alimbeba mgongoni shambani na mtoni, hata wapita njia wakamcheka kwamba ameota kibyongo.

Alisoma shule ya msingi Golbanti hadi mwaka 1998, karo ya sekondari ikakosekana, akaenda Malindi kujifunza ushonaji, na mwaka 2003 akafungua kibanda chake Garsen, karibu na steji ya mabasi ya Lamu, ambako mteja aliyechelewa kuchukua nguo aliambiwa, "Rinda lako linakula na kulala kwangu, njoo ulilipie hoteli."

Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa na Bw. Iha, afisa wa kilimo, katika kanisa la Golbanti, wakajaliwa watoto wawili, Pauline na Karisa.

Baada ya mafuriko ya mwaka 2018, akina mama wa Garsen na Idsowe walianzisha kikundi cha kuweka na kukopeshana, na Zakaria, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa kuchomelea, ndiye aliyewatengenezea sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Kanuni yao ilikuwa moja, kwamba anayelaza sanduku nyumbani kwake hashiki ufunguo, na Bi. Sabdio Dukicha, muuza maziwa, akamwambia marehemu mbele ya wote, "Jumwa, wewe weka sanduku, sisi weka funguo, Mungu weka sisi."

Miaka miwili iliyopita Zakaria alichukua pikipiki kwa mkopo, akashindwa kulipa, pikipiki ikatwaliwa, naye akaweka rehani shamba la mama yao bila mama kujua. Marehemu alimlipia mara mbili, wala hakumtangaza kwa mtu.

Ni desturi hapa kutaja ugonjwa. Marehemu hakuugua. Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, alasiri, Zakaria alifika nyumbani kwake kudai sanduku lifunguliwe, kwa kuwa waliokuwa wakimdai walikuwa wamempa hadi kesho yake, na jirani, Bi. Valary, alimsikia marehemu ng'ambo ya ua akisema, "Zaka, ndugu yangu, chukua cherehani ukauze, hiyo ni yangu. Hili ni la watu." Zakaria alishikilia kwamba mwenye sanduku hakosi ufunguo wa siri. Yeye aliyezichomelea pete zile tatu za kufuli kwa mkono wake hakuamini kwamba kuna mtu anayeweza kulala na pesa miaka saba asiwe na njia ya kuzifikia. Hapakuwa na ufunguo. Alimkata kwa panga, kisha akaligeukia sanduku, nalo halikufunguka.

Jioni ile Zakaria alikwenda kwa mama yake, akamweleza alilotenda, na Mama Kadzo akamwambia anywe uji kwanza, alipomaliza akamshika mkono, wakaenda pamoja hadi kituo cha polisi. Mengine yako mahakamani. Marehemu aliaga dunia hospitalini alfajiri ya tarehe 15.

Wako waliosema kwamba mama wa muuaji asikae leo kwenye mkeka wa wafiwa, na wengine kwamba nyumba yake Idsowe ichomwe. Bw. Iha anasema, huyo ni mama wa marehemu, ndiye atakayetupa udongo wa kwanza, na kuanzia leo ataishi kwa mkwewe pamoja na wajukuu wake, na atakayeigusa nyumba yake asiseme amemlilia Jumwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake, Bi. Valary aliyeruka ua, mafundi wenzake wa Garsen, na wanakikundi, ambao jana walikutana, kila mwenye ufunguo na ufunguo wake, wakalifungua sanduku lenye alama za panga, na hakikupungua kitu.

Jumwa, amana ya watu imefika kwao. Iweke chini sasa, pumzika kwa amani.