Mahari ya Bi Fatu

Kijiwe chetu cha Barani kina benchi moja, birika la Faiz muuza kahawa, na wazee ambao hawajawahi kushindwa na swali. Jumamosi Mzee Faki aliweka noti tatu za elfu moja pale benchini, akazikandamiza kwa kiganja zisipeperuke. Ni mahari ya mkewe, Bi Fatu. Alipomuoa mwaka wa themanini na tatu aliahidi kumlipa baadaye. Sasa Jumatatu mzee anapasuliwa jicho, atolewe mtoto wa jicho, na nisifiche, anaogopa.

— Sitaki kuingia kwa daktari na mahari ya mtu shingoni, alisema.

— Elfu tatu? akacheka Kambi. Tunamwita Benki, kwa kuwa alilinda mlango wa benki miaka saba. — Hiyo leo ni mtungi mmoja wa gesi! Pesa huzeeka, mzee.

— Tuliandikiana elfu tatu.

— Mpimie kwa nazi, akasema Mwaro, mkwezi wa minazi. — Siku zile nazi ilikuwa shilingi. Mpe nazi elfu tatu.

— Aziweke wapi? akauliza Faki.

— Haba na haba hujaza kibaba! akajibu Mwaro.

— Mbuzi! Benki akapandisha dau. — Hesabu mbuzi wa wakati ule, na watoto wao, na wajukuu wao, mpaka leo!

— Basi Malindi yote ni ya Bi Fatu, akasema Faiz, — na sisi tumekalia benchi lake.

Tulicheka sote isipokuwa Faki. Kanze, aliyehamia mtaani mwezi huu kutoka Matsangoni, alikuwa amesimama na chupa yake akingoja kahawa.

— Shikamooni, wazee. Kwani Bi Fatu mwenyewe alitaka kununua nini?

Benki akamtazama Mwaro. Mwaro akatazama kikombe.

— Miaka yote hii, akasema Faki, — sijamuuliza.

Nikampigia Bi Fatu simu mimi, maana mzee haoni namba. Nikaweka sauti ya nje, sote tusikie.

— Fatu, ungelipata mahari yako siku ile, ungelinunua nini?

 

— Cherehani, bwana. Niwashonee watu nguo za Idi.

— Nitakununulia. Hii haitoshi, lakini nitaongeza.

— Leo? Umekawia, bwana wee. Leo hata tundu la sindano silioni.

Nilimwonea huruma mzee. Akazikunja zile noti polepole, akaisogelea simu.

— Ngoja Jumatatu ipite, Fatu. Nikishatolewa mtoto wa jicho, uzi nitakutilia mimi.