Mgeni Aliyezika Nasi

Bwana Yesu apewe sifa, wapendwa wa kanisa la Masoko! Mimi ni mama Atupele, mchuma chai. Nimesimama hapa kushuhudia, ingawa hata leo siamini kwamba aliyefanya haya ni mimi.

Ndugu zangu, tunajijua. Mtu akishika jembe kaburini, akabeba mkungu wa ndizi msibani, huyo kwetu si mgeni tena. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa dini, alitoka nje ya nchi miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na redio kaseti zikajaa madukani Tukuyu. Hakukosa msiba hata mmoja! Basi alipotugawia kaseti za mahubiri ya wakubwa wake wa huko nje, tulizipokea kwa mikono miwili.

Zilianza kwa sala. Kisha zikasema shule ni najisi, hospitali ni najisi. Jirani asiye wa kundi letu ni kama maiti: hasalimiwi akiwa hai, wala hazikwi akifa. Jamani! Baba yangu mzazi alifariki hapo Suma, sikwenda. Nilikaa nyumbani naimba.

Mwisho zikaita vijana wakapigane vita vitakatifu nchi ya mbali. Nikamtoa Atupele, binti yangu wa pekee. Nilimwekea mikono kichwani, nikambariki, akaondoka alfajiri kwa gari pamoja na wenzake.

Asubuhi ile ile mchungaji wetu akaja na mama mmoja wa Karonga, Malawi. Kumbe makanisa ya huku na ya ng'ambo ya mto Songwe yalikuwa yakiandikiana barua juu ya kaseti zile. Nilitaka kumfukuza yule mama. Akaniambia kwa lugha inayokaribiana na yetu, "Mwanangu aliondoka kwa maneno hayo hayo, mama. Hata kaburi lake sina."

Hata kaburi! Nilipiga yowe. Nikasema yote: gari, njia, mahali pa kuvukia. Mchungaji akapeleka habari kwa polisi wetu, nao wakawapigia simu wenzao wa Malawi, na jioni wakamzuia mwanangu ng'ambo ya mto pamoja na wenzake. Mwalimu naye alikamatwa.

Ndaga fijo, asante sana, Mungu wangu! Asanteni watu wa nchi mbili mliosikilizana. Na wewe uliyeficha kaseti kwako, usione haya, njoo. Mungu aliyemrudisha wangu hajachoka.

Atupele amekaa pale nyuma. Aliporudi alikataa nimkumbatie. Aliniuliza neno moja tu: "Mama, mbona ulinibariki?"

Leo namgeukia. Mwanangu, najibu mbele ya kanisa: nilikosa. Nisamehe.