Karibuni, Nyie Watatu

Ukitaka habari iliyotokea, muulize yeyote. Ukitaka habari ambayo bado haijatokea, pamoja na wahusika wake na sababu zake, nenda ukakae kwenye ule ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi redio. Hapo utamkuta Buli, muuza kahawa, aliyepewa jina la chombo asichokiweka chini. Utamkuta Nilikuwepo, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye hakuna ajali, harusi wala ugomvi uliowahi kutokea asiwepo, hata kama mambo mawili yametokea saa moja katika pembe mbili za mji. Utamkuta Hakimu, ambaye uhakimu wake ulikuwa wa kuwafungulia mahakimu mlango wa mahakama hadi alipopewa mkono wa kwaheri. Na nyuma yao, mezani, bisibisi mkononi na redio ya watu imepasuliwa tumbo, utamkuta Masafa mwenyewe, fundi, anayejifanya hasikilizi. Ng'ambo ya barabara, hatua chache tu kwa kuwa mtaa ni mwembamba, ipo nyumba kongwe ya ghorofa aliyoijenga babu yake Masafa. Siku hizi kijiwe kizima kinakaa kikiielekea nyumba hiyo.

Nyumba ilikuwa imefungwa tangu mama yake Masafa alipofariki. Masafa ndiye aliyeifunga. Paa lilivuja, ngazi zilioza, na mbele ya ukoo mzima alisema heri ibomolewe kabla haijamwangukia mtoto wa watu. Dada yake, ambaye ndiye mkubwa na wako wawili tu kwa mama yao, alirudi mji wa mbali alikokuwa akifanya kazi, akakaa huko miaka. Mwaka huu alistaafu, akaja na masanduku yake, akasimama mbele ya kibanda na kuomba ufunguo. Masafa akautoa, dada akaupokea. Ndugu wa tumbo moja, na mazungumzo yao yakaishia hapo, ukiondoa salamu za asubuhi.

Kisha wakaja mafundi. Lipu ikabanduliwa, boriti mbovu zikashushwa, nyingine zikapandishwa, madirisha yakapakwa rangi ya kijani kama zamani. Na kazi ilipofika mwisho zikaanza zile Jumamosi. Watu walikuja, wengi wao wasiojulikana mtaani, wakaingia, wakajifungia ndani mchana kutwa. Kabla ya Jumamosi ya kwanza dada mtu alivuka barabara akanywa kikombe kimoja cha kahawa, akasema, "Jumamosi karibuni nyumbani, nyie watatu." Akawaonyesha kwa kidole: Hakimu, Nilikuwepo, Buli. Kidole kikamruka Masafa kama mtu anavyoruka dimbwi.

Wale watatu waliapa hawatakwenda. Mwenzao akinyimwa, wamenyimwa wote, na hilo ni jambo la kiungwana, hakuna wa kuwacheka. Ila macho yao hayakula kiapo.

— Huyo ni wa nne leo, alisema Nilikuwepo Jumamosi moja, miezi baadaye, jua likiwa utosini. Mwanamke. Kashika kitu kakifunga kitambaa.

— Anauza, alisema Hakimu.

— Nani, yule mwanamke?

— Dada mtu. Anauza nyumba. Wale si wageni, ni wanunuzi. Umewaona wanavyofika pale mlangoni? Wanatazama juu, wanapapasa ukuta. Mtu aliyealikwa kula ana haja gani na ukuta? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa huyu ufa kaziba na ukuta kajenga. Anayefanya vyote viwili ana lake jambo.

Buli alisema wahenga hawakuwa na maana hiyo. Hakimu akamjibu kwamba wahenga hawajawahi kumlalamikia.

Masafa alikaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. Alisema, bila kugeuka, kwamba nyumba ya urithi haiuzwi na mtu mmoja, lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayeuliza. Wazo la kuuzwa nyumba alikuwa nalo tangu siku ya ufunguo. Lilikuwa limemkondesha, na yeye hakuwa na mwili wa kuchezea.

Nilikuwepo hakukubaliana na habari ya kuuza. Alisema yeye alikuwepo siku lipu inabanduliwa, na aliona kwa macho yake kifusi kinachekechwa. Nani duniani anachekecha kifusi kama unga? Kuna kitu kilifichwa ukutani na babu, na sasa kinatafutwa. Buli alieleza kwamba chokaa ya zamani ikichekechwa hutumika tena, fundi mmoja alimwambia. Maelezo hayo yalikuwa mepesi mno, yakapita bila kushikwa na mtu.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Hakimu. Wanaitoa mali kidogo kidogo, kila Jumamosi kila mtu na fungu lake.

— Ngoja, alisema Buli. Mbona wakiingia wamebeba, wakitoka mikono mitupu?

Ilikuwa kweli. Wiki iliyotangulia mzee mmoja alikuja na ubao mzima wa mlango begani. Kabla yake bibi mmoja alileta kitasa. Mwingine alileta kigoda, mwingine vigae viwili. Mali gani hiyo inayoibwa kwa kuingizwa ndani?

Masafa alikuwa na jibu, akalimeza. Ule mlango aliutambua tangu ulipokata kona. Ulikuwa wa jiko la mama yao, na yeye ndiye aliyempa yule mzee, nyumba ilipokuwa gofu, akauweke kwenye banda lake la kuku. Kitasa kadhalika. Vigae kadhalika. Katika miaka ile kila aliyekuja kuomba kipande alipewa, na Masafa alitoa kwa roho nyeupe, kwa sababu alijua nyumba imekwisha na kitu kilichokwisha hakina mwenyewe. Sasa vinarudi kimoja kimoja, mchana kweupe, kupitia mbele ya kibanda chake. Mwisho akaona heri aseme.

— Vile vitu ni vya mle ndani. Mimi ndiye niliyevigawa.

Hakimu aliweka kikombe chini taratibu sana. Maisha yake yote alikuwa akiisubiri siku kama hii.

— Vielelezo, alisema.

— Vielelezo vya nini?

— Vya kesi, bwana. Wanaokuja ni mashahidi, na wanachobeba ni vielelezo. Kila mmoja anaingia anaeleza: nilipewa na fulani, siku fulani. Wewe unashtakiwa kwa kuila nyumba ya baba yako vipande vipande. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana mimi nguo zangu hufuliwa kila siku.

— Na kucheka je? aliuliza Buli. Kule ndani wanacheka. Mashahidi wanacheka?

— Wakiwa na ushahidi mzuri, wanacheka.

Nilikuwepo hakupenda kupitwa. Alisogea mbele, akashusha sauti, ingawa barabarani hapakuwa na mtu ila paka. Alisema kesi ni jambo dogo. Yeye juzi alipita chini ya dirisha, kwa bahati tu, akasimama kufunga kamba ya kiatu. Wenzake wakamwangalia miguu. Alikuwa na kandambili, kama siku zote. Akaendelea.

— Nilisikia wanaulizana: kaka mtu atapatikana lini? Kwa masikio haya. Halafu angalieni. Wanaingia adhuhuri, harufu ya chakula inatoka adhuhuri hiyo hiyo, lakini sahani hazigongani mpaka alasiri. Katikati hapo wanafanya nini? Wanajaribu watu. Yule mama anatafuta kaka wa kukodi. Kaka wa mezani, wa kukaa naye mbele ya wageni, wa kutia sahihi siku ya siku. Mmeona wanaume wangapi wameingia mle?

— Wa wiki iliyopita alikuwa na pua yenu kabisa, Masafa, alisema Buli, kisha akajuta.

Masafa, bila kutaka, alijishika pua.

Wote waliliona hilo. Hakuna aliyecheka, hata Hakimu, ambaye hucheka misibani. Lilikuwa jambo la kipuuzi, la kaka wa kukodi, na yeyote mwenye akili angelitupa hapo hapo. Lakini mtu aliyeumia hachagui. Masafa alikuwa amekaa Jumamosi baada ya Jumamosi akiisikia sauti ya dada yake inapita dirishani, ile sauti iliyokuwa ikimwita utotoni aende kuoga, ikiwakaribisha watu waliowahi kupanga vyumba vya uani na watu waliopewa makombo ya nyumba, wote, isipokuwa yeye.

— Angeniambia tu, alisema. Kama anauza, aseme anauza. Kama ananishtaki, anishtaki. Barabara ni hii hapa, haina mto. Angevuka akaniambia, na mimi ningejua kama bado nina dada au sina.

Buli alimjazia kikombe bila kuombwa. Hakimu alitafuta methali, akapata moja, akaitazama vizuri, akairudisha.

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Alitoka yule mwanamke wa kitambaa, mtu wa makamo, amevaa nguo za safari zenye vumbi. Kitambaa alikuwa nacho bado, ila kilichokuwamo hakikuwapo. Alivuka moja kwa moja hadi kijiweni, na wale wazee wakakaa wima kama watu waliokutwa wakila kabla ya wenzao.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Mimi si mtu wa mtaa huu, mtanisamehe. Namtafuta kaka yake yule mama mwenye nyumba. Nimeambiwa yuko jirani tu. Yuko wapi?

Hakimu, kwa tahadhari ya mahakamani, alimuuliza anamtakia nini.

— Chakula, alisema yule mwanamke. Nimetoka kwetu tangu alfajiri, sijatia kitu mdomoni. Nilizaliwa mle ndani, mama yangu alikuwa amepanga chumba cha nyuma. Tulipohama tuliondoka na komeo la dirisha, sijui kwa nini, basi nimelirudisha lipigiliwe mahali pake. Chakula kiko tayari, kinafuka moshi, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Wenzangu wanasema ni hivi hivi kila wiki. Mpaka kaka mtu aje anawe kwanza, ndipo wageni wanawe. Wanangoja mpaka kimepoa, ndipo yule mama anasema, haya, kuleni, leo hakujaliwa. Nikaona nimfuate mwenyewe, maana njaa haina adabu.

Bisibisi ilikuwa imesimama hewani.

— Kwani huyo kaka amealikwa? aliuliza Buli, polepole.

— Nami niliuliza hivyo hivyo. Yule mama akanitazama kama nimemtukana. Akasema, "Anayealikwa ni mgeni. Nikimwalika ndugu yangu nyumbani kwa baba yake, si nitakuwa nimemfukuza?"

Hakimu alikuwa na methali kwa kila jambo lililo chini ya jua, na hili lilikuwa chini ya jua, lakini alivua kofia akaipangusa vumbi. Nilikuwepo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alitamani asiwepo.

— Basi yuko wapi? aliuliza tena yule mwanamke.

Kila mmoja alitazama kikombe chake, na waliomaliza kahawa walitazama masimbi yaliyobaki chini ya kikombe. Walikuwa wamelijibu swali la wageni, la kifusi, la vitasa na la pua, miezi mizima, lakini hili dogo liliwashinda. Wangesema nini? Kwamba yuko hapa, hatua chache kutoka kwenye sahani yake, anangoja kualikwa kwao?

Masafa aliiweka bisibisi kando ya redio. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaitazama, ikawa bado michafu. Akapita katikati yao, akavuka.

Alipofika mlangoni alisimama, na mkono wake ukapanda. Kijiwe kizima kilitega sikio. Hakimu alimshika Buli kiwiko, kwa kuwa hapo palikuwa na hukumu na yeye alilijua hilo: akipiga hodi, kajitangaza mgeni, na mgeni huyo hakuna aliyemwalika. Mkono ulikaa juu muda mrefu. Kisha ukashuka, na Masafa akaupiga mlango kwa bega, kama yeye na dada yake walivyoupiga utotoni, maana ulikuwa mlango mzito unaokwaruza sakafu na bila bega haukukubali.

Alisahau kwamba umetengenezwa. Ulifunguka kama pazia, na Masafa akaingia ndani kwa kishindo cha kujikwaa, akashika ukuta asianguke.

Ndani vicheko vilikatika. Kisha wale wa kijiweni, na yule mwanamke aliyebaki amesimama na kitambaa chake, walisikia sauti ya dada mtu kutoka mbali huko mezani, kavu, ya kawaida, haina hata chembe ya mshangao.

— Umechelewa. Kanawe.