Miaka Ishirini na Moja ya Ajenda ya Tatu: Tunamuaga Mwalimu Revocatus Machibya

Mwalimu Revocatus Machibya anastaafu tarehe 30 Juni 2026, akiwa ametimiza miaka thelathini na mitano ya kufundisha Historia na miaka ishirini na moja ya kuongoza Chama cha Walimu wa Historia Mkoa wa Mwanza. Sisi wenyewe tunakiita CHAWAHIMWA, maana jina lote likitajwa hadi mwisho chai inapoa. Kamati ya sherehe imenipa mimi, katibu wa chama tangu siku ya kwanza, kazi ya kuandika wasifu huu. Wameniomba niandike kwa heshima na nisikumbushie mambo. Heshima nitaiweka. La pili sikuliahidi.

Alianza kazi Julai 1991 huko Misungwi, akiwa na begi moja, baiskeli moja na ramani ya Afrika aliyoichora mwenyewe kwenye shuka. Mwaka 1999 alihamia shuleni kwetu, njia ya Mkolani, na hapo ndipo alipobaki. Wanafunzi wake wa kwanza sasa wana wajukuu, na bado wakikutana naye sokoni wanaficha mikono nyuma kama hawajamaliza kazi ya nyumbani.

Neno lake lilikuwa moja tu: “Chanzo?” Mwanafunzi akichelewa na kusema baiskeli ilipata pancha, Mwalimu Machibya alimuuliza chanzo. Mmoja alirudi siku ya pili na mpira wa ndani wa tairi, ukiwa na tundu lake. Mwalimu akaupokea, akauchunguza, akauliza tutajuaje kwamba tundu hili ni la jana. Waraka wa mkuu wa shule kuhusu kufika mapema aliurudisha na maswali matatu: nani ameuandika, kwa masilahi ya nani, na je, yupo shahidi asiyefungamana na upande wowote. Mke wake, Mama Hellen, ametuambia kwamba kwa miaka yote ya ndoa hajawahi kusema mboga ina chumvi ya kutosha bila kuombwa ushahidi.

Sasa nije kwenye chama.

Kikao cha kwanza kilifanyika Jumamosi tarehe 12 Machi 2005, katika darasa la shule moja ya msingi Kirumba. Tulikuwa walimu arobaini na saba, watu wazima, tumejikunja kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili. Mgeni aliyekuja kutufungulia kikao aliuliza nani atajitolea kuongoza kwa muda wa miezi sita, hadi uchaguzi ufanyike. Hakukuwa na posho, nauli, wala muhuri. Ghafla kila mtu akawa na jambo la kutazama sakafuni. Ndipo Mwalimu Machibya akainuka. Makofi yalipigwa kabla hajanyooka vizuri, na mgeni akaondoka haraka kabla mwenyekiti mpya hajabadili mawazo.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwaka wa kwanza kazini. Nilipewa kalamu kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote. Niliandika nilichokiona: “Mwl. Machibya alijitolea kuongoza chama.” Maneno matano. Ningejua, ningeandika manne.

Katika kikao cha pili, Septemba mwaka huohuo, tulifika ajenda ya tatu, yaani kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ajenda ya nne ilikuwa uchaguzi. Wakati huo maneno yalikuwa yameanza kupita pembeni kwamba Machibya ana uchu wa kiti. Mnajua kwetu ilivyo. Anayegombea udiwani husema wazee wamemwomba. Anayeongoza kwaya husema alisukumwa. Hata anayejaza sahani ya pili ya pilau harusini husema mwenye shughuli amemlazimisha. Kukitaka kitu na kusema unakitaka ni kama kutoka nje bila shati. Basi Mwalimu Machibya, ili kuwafunga watu midomo, akasema jambo dogo. Alisema yeye hakujitolea. Aliinuka kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa umeingia ganzi.

Kwenye chama cha wavuvi au cha mafundi cherehani, watu wangecheka na kuendelea. Sisi ni walimu wa Historia. Mwalimu Abubakary, ambaye kwa uchambuzi wa vyanzo hana mpinzani mkoa mzima, alisimama akasema tuna vyanzo viwili vinavyopingana, maandishi ya katibu na ushuhuda wa mhusika, na kwamba mtu mwenye elimu yake hawezi kuthibitisha muhtasari katika hali hiyo. Ajenda ikaahirishwa hadi kikao kijacho. Na kwa kuwa katiba yetu inakataza kwenda ajenda ya nne kabla ya kumaliza ya tatu, uchaguzi haukufanyika. Hivyo ndivyo miezi sita ilivyogeuka miaka ishirini na moja.

Mwaka 2008 aliletwa Mzee Mbaruku, mwalimu mstaafu aliyehudhuria kikao cha kwanza, atoe ushuhuda wa mdomo. Alizungumza kwa saa mbili, kwa ufasaha, akiwa na majina na rangi za mashati. Mwishoni tuligundua alikuwa anaeleza kikao cha ushirika wa pamba. Tulimshukuru, na ushuhuda wake ukahifadhiwa kwa ajili ya watafiti wa pamba.

Mwaka 2011 lilitafutwa dawati lenyewe. Lilikuwa limeuzwa pamoja na samani chakavu, na likapatikana sokoni Mwaloni likiwa meza ya dagaa ya Mama Wilhelmina. Tulikwenda walimu thelathini na mmoja, na futikamba mbili. Mama wa watu alipoona umati wenye kalamu masikioni alidhani ni watu wa ushuru. Alipoelezwa kwamba tunachunguza kama mguu wa mwenyekiti uliingia ganzi mwaka 2005, alitutazama mmoja mmoja. “Ninyi ndio mnawafundisha watoto wetu?” aliuliza. Kisha akasema hakuna atakayepima meza yake bila kununua dagaa. Tulinunua, tukapima, na wiki nzima nyumba za walimu wa Historia zilinuka Mwaloni.

Mwaka 2013 lilifanyika jaribio. Mwenyekiti alikalishwa kwenye dawati la vipimo vilevile kwa dakika arobaini. Mguu wa kushoto ukaingia ganzi kweli, akashangiliwa. Mwalimu Abubakary akauliza kama jaribio limezingatia kwamba mwenyekiti ameongezeka kilo kumi na nne tangu mwaka 2005. Halikuwa limezingatia. Ajenda ikaahirishwa.

Naomba ieleweke kwamba mijadala yote hii, iliyokuwa juu ya mguu wake mwenyewe, aliiongoza yeye. Aliiongoza kwa haki iliyotukuka. Wanaomuunga mkono aliwapa dakika tatu, wanaompinga dakika tatu, na hakuwahi kumkatiza mtu aliyemwita mwongo. Nimehudhuria vikao vingi vya watu wakubwa, na uadilifu wa namna ile sijauona kwingine.

Je, chama kilifanya kazi gani? Hapa ndipo tunapoona kipaji chake. Kwa kuwa kikao hakikuweza kuvuka ajenda ya tatu, mambo yote ya maana yalifanyika wakati wa mapumziko ya chai. Mtihani wa pamoja wa majaribio wa kidato cha nne ulizaliwa kati ya kitumbua na kitumbua. Midahalo ya shule za mkoa mzima ilipangwa kwenye foleni ya birika. Mafunzo ya walimu wapya, ziara za wanafunzi kwenye maeneo ya kihistoria, maktaba ya vitabu vya kuazimana inayozunguka hadi visiwani, yote ni mazao ya chai. Mapumziko yalianza yakiwa ya nusu saa. Kufikia mwaka 2015 yalikuwa ya saa tatu na nusu, na watu walikuja na makabrasha. Yeye alizunguka na kikombe chake kutoka kundi hadi kundi, anapatanisha huyu, anamgawia kazi yule, na kazi zilifanyika. Tatizo ni kwamba wakati wa chai hakuna anayeandika muhtasari. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu rasmi, chama hiki hakijawahi kufanya jambo lolote.

Sasa niseme la kwangu, kwa kuwa ukurasa ni wangu. Miaka ishirini na moja si mchezo. Walimu niliowakaribisha chamani wakiwa vijana walifundishwa kwamba katibu wao “chanzo chake kina mashaka.” Kuna mwaka nilipewa jina la Katibu Riwaya. Nilicheka pamoja nao. Nyumbani sikucheka. Nilikuwa nimeandika nilichokiona kwa macho yangu, na aliyejua hivyo ni mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa ameketi mbele akisema, “Mwalimu pale nyuma, endelea.”

Kikao cha arobaini na tatu kilifanyika Misungwi, Jumamosi tarehe 23 Mei mwaka huu. Kila aliyeingia ukumbini alijua hali ilivyo. Ibara ya tisa ya katiba inasema mwenyekiti akikoma kuwa mwalimu kabla ya mrithi kuchaguliwa, chama nacho kimekoma. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na nane. Mrithi hapatikani bila ajenda ya nne, na ya nne haifikiwi bila ya tatu. Maktaba, mitihani, midahalo, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye mguu ule.

Mwalimu Abubakary alikuja na andiko la kurasa kumi na tisa. Alipendekeza iundwe tume huru, itoe taarifa Septemba. Mtu akamkumbusha kwamba Septemba hakutakuwa na chama cha kupokea taarifa. Akajibu kwa huzuni kubwa kwamba ukweli hauwezi kuharakishwa. Ilipendekezwa chama kianzishwe upya wakati wa chai. Ikaonekana kwamba chama cha chai hakitakuwa na kumbukumbu, na miaka hamsini ijayo hakuna atakayeamini kiliwahi kuwapo. Wapo waliokuwa wanafuta macho, na wapo waliokuwa wanapiga hesabu ya kugawana vikombe vya chama.

Ndipo nikasimama. Nilisema naomba sentensi yangu ifutwe. Nilisema nilikuwa binti mdogo, darasa lilikuwa na watu wengi, na pengine niliona vibaya. Iandikwe ni ganzi, muhtasari upite, chama kiishi. Roho iliniuma, maana nilikuwa naapa uongo mbele ya walimu wa Historia, na nilikuwa nimeshaamua kuubeba hadi kaburini.

Mwalimu Machibya alivua miwani. Aliiweka mezani, akaivaa tena, akaivua. Kisha akasimama na kusema maneno ambayo nayanukuu kama yalivyo kwenye muhtasari: “Kaa, Mwalimu Paskazia. Usifute kitu. Mguu haukuwa na ganzi. Niliinuka mwenyewe, kwa sababu nilikitaka kile kiti. Nilikitaka sana. Nikaona aibu kusema, halafu nikaona aibu kusema kwamba niliona aibu, na miaka ikaenda. Katibu aliandika kweli tangu siku ya kwanza. Nisameheni, na yeye zaidi.”

Macho yote yakamgeukia Mwalimu Abubakary, mwenye kurasa zake kumi na tisa. Aliinuka taratibu, akazitazama kurasa, akamtazama mwenyekiti. Akasema, “Sina swali,” na akakaa. Wazoefu wa chama wanasema hilo nalo halijawahi kutokea.

Muhtasari wa tarehe 12 Machi 2005 ulithibitishwa kwa dakika nne. Tukafika ajenda ya nne, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika, na ilibidi katiba isomwe kwa sauti ili tujue kinachofuata. Yalipoitishwa majina, watu wakaanza kuitazama sakafu kama zamani. Mwalimu Abubakary akaruka kama aliyechomwa sindano. “Mimi nakitaka,” alisema. “Hakuna aliyenisukuma. Katibu, andika hivyo hivyo.” Alipita bila kupingwa, na Mwalimu Machibya akashuka kwenda kuketi na wanachama. Ajenda saba zilizobaki zilimalizika kabla ya saa sita, na chai siku hiyo ilinywewa kwa dakika ishirini tu. Mihogo ilibaki.

Kwa niaba ya walimu wa Historia wa mkoa huu namshukuru Mama Hellen na familia yote, waliotuazima baba yao Jumamosi nyingi mno. Namshukuru mwenyewe kwa mitihani, kwa maktaba, kwa vijana aliowafundisha kuuliza. Kwa ule uongo nilimkasirikia tangu nikiwa binti, na hasira ile nimeitafuta mwezi huu nikiandika hapa, sikuipata.

Mwalimu, siku ile Kirumba sikuandika yote niliyoyaona, kwa sababu muhtasari hauna nafasi ya mambo hayo. Watu arobaini na sita walikuwa wanatazama sakafu. Wewe uliinuka upesi, ukakunja mikono ya shati, na uso wako ulikuwa na furaha ambayo ulishindwa kuificha. Asante kwa kukitaka kiti ambacho wengine wote tulikikimbia. Mungu akujalie afya na siku nyingi njema pamoja na wako, Mwalimu wetu.

Mwl. Paskazia Masalu
Katibu, CHAWAHIMWA