Sifuri Aliyoitoa Mzee Rula

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, mhadhiri wa uhasibu, ambaye wanafunzi walimwita Mzee Rula, jina alilolijua vizuri akajifanya halijui.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1955, akahitimu shahada ya biashara mwaka 1971, akawa mkaguzi wa hesabu za reli. Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 1979 aliajiriwa na chuo kikuu, ambako alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2008.

Mwezi Mei 1994, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa tatu alileta hesabu za kufungia mwaka alizozitengeneza kwa kompyuta ya ofisini kwa mjomba wake, zikiwa safi na sahihi, naye marehemu, ambaye alitaka kila mstari upigwe kwa rula, akampa sifuri, akasema mbele ya darasa kwamba binti huyo na mashine yake waigawane wenyewe. Darasa lilicheka, binti akarudia mwaka.

Mwaka 2006 chuo kiliamua uhasibu usifundishwe tena bila kompyuta, wahadhiri wakaitwa mafunzoni, na mkufunzi aliyeingia alikuwa binti yule yule. Marehemu hakujua hata kuiwasha mashine. Binti alimfundisha kwa upole, akimwita mwalimu wangu, wala hakuigusia ile sifuri, na upole huo ndio uliomkosesha mdogo wangu raha. Aliomba alama ibadilishwe, akajibiwa kuwa matokeo yalikwisha kufungwa. Kuomba radhi kwa mdomo alikuwa akisema wiki ijayo, hata mkewe akamtania kwamba anafundisha watu kufunga hesabu, na yake anaipiga danadana.

Aliugua figo tangu Januari mwaka jana, mwezi Juni kiharusi kikamnyima kauli, akafariki Jumatano tarehe 6 mwezi huu. Alipokuwa angali na kauli, aliniagiza kwamba akishindwa yeye, niseme mimi, mbele za watu kama alivyosema yeye, kuwa sifuri ile ilimstahili mwalimu, maana asiyejua alikuwa yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani, wahadhiri wenzake, na mkufunzi wake, aliyeketi kule nyuma kwa ustaarabu, ingawa nafasi yake ni hapa mbele na familia.

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeufikisha. Pumzika kwa amani.