Salamu ya Kusimama ya Mama Shadrack

Mchungaji, wazee wa ukoo wa Sichone, ndugu zetu wa Ileje mliotupatia binti yenu, wageni mliovuka mpaka kutoka Nakonde, na ninyi majirani wa Chapwa, naitwa Samwel Sichone, mdogo wake mfiwa, nimetumwa na ukoo niwasomee maisha ya shemeji yangu, na nawaomba radhi mapema, kwa kuwa kuna mahali katika maisha hayo ambapo sisi wenyewe ndio tulikuwa kona mbaya ya barabara.

Marehemu Tupokigwe Yonathani Kibona alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kijiji cha milimani karibu na Itumba, Ileje, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Yonathani Kibona na mama Dina, wakulima wa kahawa na maharage. Alianza shule ya msingi kijijini hapo mwaka 1977, akahitimu darasa la saba mwaka 1983, na waliosoma naye wanamkumbuka kwa sauti ya pili katika kwaya, sauti aliyoitunza mpaka mwisho. Baada ya shule alichambua kahawa Mbozi kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1989 akaja Tunduma kufanya biashara ya maharage, ambako wateja wa Zambia walimwita bamayo, yaani mama, hata kabla hajawa mama wa mtu.

Tarehe 5 Januari 1991 alifunga ndoa na kaka yangu Hezron, kanisani Msangano, wakajenga hapa Chapwa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Shadrack aliyezaliwa mwaka 1992, Recho mwaka 1995 na Anyitike mwaka 2001. Miaka ile ya kwanza alikuwa mkamwana wa kupigiwa mfano, kila alipofika Msangano alipiga magoti mbele ya wakwe kama mila yetu inavyotaka, akapiga makofi ya taratibu, akainamisha kichwa na kusubiri, na mama yangu, Bibi Jenista, ambaye mnamwona amekaa hapa mbele, alikuwa akimwitika kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani.

Tarehe 20 Agosti 1998, akipakiza lori pale Mpemba, magunia ya mahindi yalimporomokea mgongoni. Mfupa ulipona, ila maumivu hayakuondoka, dawa za kutuliza zikawa zinamchoma tumbo, na ndipo hospitalini walipomkabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye alimweleza wazi kwamba maumivu hayo huenda yasiishe, lakini yanaweza kufundishwa adabu. Alimwelekeza atembee kila asubuhi bila mzigo, avute pumzi polepole yanapomshika, ajikande kwa kitambaa cha moto, alale sakafuni mchana miguu ikiwa juu ya kiti, agawe kazi vipande vipande, na zaidi ya yote apumzike kabla maumivu hayajapanda, asingoje yamwangushe. Kupiga magoti na kuinuka ndiko kulikomkaza mgongo kuliko yote, akashauriwa akuache.

Mwaka 1999 shemeji alikuja Msangano, akasimama mbele ya mama, akainamisha kichwa, akapiga makofi yake ya taratibu na kusalimia, akaeleza na sababu, na mama akageuka akaendelea kuwatupia kuku mahindi. Kwetu mkamwana akisalimia amesimama amejilinganisha na mkwe, na mkwe asipoitika maana yake hajaiona salamu, wala aliyeileta. Kaka yangu alijaribu kumtetea, tukamwambia amekaliwa na mke. Ukoo uliketi, nami nilikuwepo, na hoja iliyoshinda siku hiyo, hoja tuliyoiona kali kweli, ni kwamba mwanamke anayeonekana kila asubuhi akitembea kutoka Chapwa mpaka Mpemba na kurudi, mikono mitupu kama mtalii, hawezi kushindwa kupiga goti moja. Hatukujua kwamba kutembea kule ndiko kulikuwa dawa yenyewe. Alitueleza, tena kwa upole, ila sisi tulimsikia kwa masikio ya watu walioshiba afya, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Majirani nao walichungulia mlangoni mchana wakamkuta amelala chini, miguu juu ya kiti, wakasema Mama Shadrack ni mvivu wa aina mpya, na mmoja aliapa kwamba amemkuta anaongea na pumzi zake. Tulimletea mafuta ya upako, tukamletea na mizizi, akavipokea vyote kwa shukrani, akaviweka kabatini, kesho yake akaonekana tena barabarani anatembea. Na katika miaka yote hiyo, kila alipofika Msangano, alisimama palepale, akapiga makofi, akasalimia, hakuitikiwa, akaingia jikoni kusaidia kadiri mgongo ulivyomruhusu. Nasema haya nikiona haya, na ukoo umeniagiza nisiruke hata mstari.

Mwaka 2001 alipojifungua kitinda mimba, akampa jina la kwao Ileje, Anyitike, maana yake ameniitikia, tulifurahi, tukadhani anamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto. Ni wiki hii tu binti yake Recho alipotuambia mama yao alilichagua kwa kuwa alihitaji awepo hata mmoja anayeitika salamu yake. Mama yangu amemwita mjukuu huyo kwa jina hilo tangu akiwa mchanga, kila siku akilitamka neno lilelile alilomnyima mama yake mtoto. Watu husema majuto ni mjukuu, basi sisi huyo mjukuu tulikuwa naye nyumbani, tena tukimtuma maji.

Mwaka 2022 mama alishikwa na mgongo, na aliyekwenda Msangano kumhudumia alikuwa shemeji, akamkanda kwa kitambaa cha moto, akamfundisha kuvuta pumzi, akamtembeza taratibu mpaka kisimani na kurudi, akimwimbia sauti ya pili ili wasahau mwendo. Hapo ndipo mama alipojua kwa mwili wake alichokuwa akikikataa. Ametueleza kwamba tangu hapo alitaka kuitika, kila asubuhi alitaka, ila kwa aibu ya miaka yote ile akaahirisha, mwisho akapanga aitike Pasaka hii, mbele ya watoto wote.

Shemeji alipatwa na kichomi, akalazwa tarehe 27 Machi 2025, na alfajiri ya tarehe 2 Aprili alifariki dunia, Hezron akiwa amemshika mkono. Pasaka ilikuwa bado.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi, na kwa namna ya pekee mtaalamu wa mazoezi aliyemwamini mgonjwa wake tangu siku ya kwanza, unawashukuru wanakwaya, wafanyabiashara wenzake wa Tunduma na Nakonde, na majirani mliopika na kukesha nasi, hata wale waliochungulia mlangoni.

Mama ameomba asisubiri mpaka tufike kaburini, kwa hiyo nikimaliza mstari huu nitanyamaza, mumsaidie kusimama, naye atapiga makofi ya taratibu amesimama, kama alivyosalimiwa, na kuitika salamu ya mkamwana wake, na nawasihi mtu mwingine yeyote asimwitikie kwa niaba.

Shemeji, umeitikiwa, tumechelewa mno. Pumzika sasa kwa amani, hakuna tena maumivu ya kuyawahi.